Dude la Sinema na Uso wa Baba

Dada Neema, shikamoo.

Mvua ya Mwanza ilinikamata, nikajibanza kwenye banda la video pale mwaloni mitumbwi inapofikia, jirani na wauza dagaa. Sinema ilikuwa ya dude lililoanguka kutoka sayari nyingine. Mwanzoni lilimulikwa na taa ya bluu kutoka chini, kamera ikalitazama kuanzia miguuni, likawa kama jabali lenye meno. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekaa ubavuni kwangu, akajifunika khanga usoni. "Liueni hilo!" akapiga kelele, utadhani watamsikia.

Baadaye dude lilelile likaketi dirishani. Jua la asubuhi likalipata kwa upande, kamera ikashuka hadi usawa wa macho yake, ikatulia. Uso ulikuwa uleule, mdomo umepinda vilevile. Lakini yule mama akashusha khanga, akasema taratibu, "Pole, baba. Umetoka mbali."

Nikamkumbuka baba yetu. Tangu apooze upande mmoja na mdomo kupinda, wewe umempiga picha moja tu, pale studio kwako, kwa flashi, yeye amekaa na wewe umesimama. Alipoiona akaigeuzia ukutani, akasema hataki kupigwa picha tena.

Dada, mtoe studio. Mkalishe dirishani asubuhi, upige magoti kama unapomwamkia, ndipo umpige picha. Nawaletea sato wa kubanika. Nikifika niikute picha hiyo sebuleni, imetazama watu.

Mdogo wako anayewapenda,
Yohana