Pipa Lisilo na Alama

Ijumaa, jioni.

Koo limekauka, na kutwa nzima nimekaa na pipa la mbege!

Bosi wangu, Mama Manka, alikwenda msibani Kirua, akaniachia pombe hiyo ya ndizi, ya harusi ya kesho. Mimi huyu, ambaye Mwika nzima inanijua kwa ulevi. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa anachora alama ya mkaa pipani kabla hajatoka. Nilikuwa nakunywa, halafu najazia maji mpaka kwenye alama yake. Huyu alisema tu, "Babu, nakuachia," akaondoka.

Sasa mtu utaiba vipi hapo?

Kimaro, mlevi mwenzangu, akachungulia mlangoni. "Leo fisi kapewa bucha! Chota kata moja, nani atajua?"

"Toka, pua yako itaharibu pombe ya watu!"

Nikamfukuza, kisha nikajishangaa. Uzee huu, au naumwa?

Mama Manka aliporudi hakukagua pipa. Kwetu mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, wageni waone ni salama. Yeye alichota, akanipa mimi.

"Onja, Babu. Pombe yako hii."

Nikapiga funda moja, nikamrudishia kata. Moja tu!

Mungu amweke mama huyu. Ameniharibia ulevi wangu wote.