Maelezo ya Mwanamuziki Asiyefunzwa na Mtu

Jumatano

Daftari, wiki tatu umejilaza chini ya godoro kama mgeni aliyeshiba. Haya, sikiliza.

Redio imemtaka mjukuu wangu Maganga apeleke nyimbo na maelezo yake mwenyewe. Leo kanisomea: "Mwanamuziki wa kimataifa." Kimataifa yenyewe ni harusi moja ya hapo Kaliua. "Amejifunza mwenyewe."

"Na aliyekupakata akakufunza ngoma alikuwa mbuzi?"

"Bibi, ndivyo wanavyoandika."

"Manju, kiongozi wa ngoma, hujitaja kwa aliyemfunza, ndipo watu husogea kumsikiliza."

Kafuta, kaandika "alifunzwa na bibi yake." Jina langu nimeliandika mwenyewe kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima, zimepinda kama mihogo. Barua inaondoka na treni kesho. Naogopa jina langu lisije likamharibia.

Ukitoka tena chini ya godoro, daftari, njoo na jibu la hao wa redio. Kama huna, baki huko huko.