Kifua Ambacho Hata Daktari Hakukifungua

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu utuache, na sisi wanao bado tumekununia.

Mtaa mzima ulisema fundi bomba ana kifua. Ulilala chini ya masinki ya watu ukiwasikia wakigombana wao kwa wao, ukaondoka na spana zako bila kutoa neno hata moja nje. Tulijivunia. Kumbe na sisi ulituweka kwenye kundi la wasioambiwa.

Miezi saba chakula kilikukwama, ukawa unasukumia kila tonge kwa maji. "Ni gesi tu." Mama alipokuburuta hospitali, ikaonekana saratani ya umio, njia ya kupitisha chakula. Daktari akaeleza: atapasua tumbo na shingo, atautoa umio wote, kisha atalivuta tumbo la chakula hadi shingoni lishike nafasi yake. Kifua hatakifungua. Sisi tulilia. Wewe ulifurahi! "Huyu ndiye fundi. Anabadilisha bomba bila kuvunja ukuta!"

Ukapona, ukatuchosha. Uliambiwa ule kidogo kidogo na ulalie mito mitatu, mito ukaitupa. Wiki ya sita tukakukuta umebeba pampu ya maji begani, ukatujibu: "Si kifua hakikufunguliwa?" Kila mgeni alionyeshwa kovu la shingoni kabla hajapewa kiti.

Tulikuwa nawe miaka minne zaidi. Kisha ukaanza kubakisha chakula, na Dada mkubwa, aliyekuwa akikupikia, akakugombeza mbele ya wajukuu: "Baba, sasa unadeka!" Ukacheka, ukamwomba radhi.

Baada ya mazishi tulifungua boksi lako la vifaa. Chini ya spana kulikuwa na karatasi ya hospitali. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na ulijua miezi mitano mizima. Ungesema tu, Baba. Tungegombana na ugonjwa, si na wewe.

Tulimlaumu Mama kwa kutokuhoji. Akatukata kauli: "Daktari na visu vyake hakukifungua kile kifua. Mimi ningekifungua kwa mdomo?"

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, wakwe zako, mdogo wako anayetumia spana zako bila ruhusa, na wajukuu wanaochorana kovu shingoni kwa kalamu. Hatutakusahau kamwe, hata tukikasirika.

Dada ameomba la mwisho liwe lake: hukudeka, Baba.