Glasi Nzima ya Chai ya Nanasi

Nyumba ya Nyuma ya Karakana,
Mlango wa Kijani.

Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na mpwa wetu mdogo ambaye bado hatujamtia machoni. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukishinda umesimama kwenye mashine ya kupigia pasi, jioni huwezi hata kuinama kuvua viatu. Nakuomba utafute kiti, hata kigoda, uibe dakika mbili tatu msimamizi akigeuka. Na mtoto, meno yameota mangapi?

Sisi huku tunapumua. Siwezi kuandika kwamba hatujambo, maana nimeapa nisitie uongo humu hata punje. Mama anatembea, anakula kidogo, presha imeshuka. Chiriku wetu, ambaye baba yake alimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi, siku hizi amenyamaza. Mwalimu wake alinisimamisha getini akaniambia wiki ya tatu hii hajamkaripia kwa kupiga soga darasani, na kwamba angetoa chochote apate sababu ya kumkaripia.

Najua hukupewa ruhusa ya kuja kumzika kaka yako, na najua uliomba mara mbili. Hakuna anayekulaumu. Mafundi wenzake walifunga kazi siku mbili nzima. Mimi nimeishi miaka kumi na minne nyuma ya karakana ile nikilalamikia kelele za mashine za kukatia chuma, lakini kimya cha siku mbili zile, wifi, kiliniuma kuliko kilio.

Joto mwaka huu halisemeki. Bati la karakana linalia tangu saa nne asubuhi. Watu wanapita mlangoni kuniuliza kama nina ile chai baridi ya Cheche, jina walilompa kaka yako karakana. Mimi wananiita shemeji, na wanauliza kwa upole, wakiangalia chini. Nawaambia sina.

Sijui kama uliwahi kuinywa. Aliianza baada ya wewe kusafiri. Siku moja ya joto kama hili aliingia jikoni kwangu na uso mwekundu kwa moto wa kuchomelea, akasema anatengeneza chai ya kunywa na barafu. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia chai ni ya moto, ikishapoa ni maji ya kuoshea vyombo. Akaniambia, “Onja kwanza, ndipo ucheke.”

Alikuwa na utaratibu wake, kama wa kazi ya chuma. Majani ya chai hayachemshwi, yanamwagiwa maji yaliyochemka, sufuria inafunikwa, na mtu anahesabu dakika tano. Yakizidi, chai inakuwa chungu. Sukari inatiwa ingali moto. Maganda ya nanasi na ule moyo wake mgumu havitupwi, vinachemshwa pembeni na kipande cha tangawizi. Nyama ya nanasi inapondwa na kuchujwa. Vyote vinaachwa vipoe kwanza, ndipo vinachanganywa. Ndimu inakamuliwa mwisho kabisa. Na ole wako utie barafu kwenye chai ya moto! “Chai ya haraka,” alikuwa anasema, “inakuwa na ukungu kama macho ya mlevi.”

Jagi mbili kila siku, zinakaa kwenye friji kuukuu ambayo mlango wake aliuchomelea bawaba yeye mwenyewe. Fundi betri wa jirani, mafundi wenzake, mteja aliyekuja kugombana kwa sababu geti lake limechelewa, wote walipewa glasi. Yule wa geti aliondoka amesahau alichokuja kugombea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ule ujumbe wa sauti uliomtumia Mama, niliusikia. Hukunitumia mimi, najua. Lakini Mama masikio yamechoka, humwomba Chiriku aongeze sauti mpaka mwisho, nami nilikuwa jikoni. Ulisema, “Kaka yangu amekufa na kiu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na friji imejaa.” Ukalia. Nami nilishika meza.

Sikukukasirikia, wifi. Ulisema ulichoambiwa, na aliyekuambia alisema alichokiona. Ila siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Nisome mpaka mwisho, halafu uamue.

Ugonjwa ulianza miguuni. Viatu vyake vya kazi viligoma kuingia. Tulipofika hospitali wakasema figo zimechoka, itabidi damu isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki. Na maji, nusu lita kwa siku. Pamoja na mchuzi, pamoja na ya kumezea dawa. Kaka yako akamtazama daktari akasema, “Daktari, mimi jasho peke yake linanitoka nusu lita kabla sijafungua mlango wa karakana.” Daktari hakucheka. Akatueleza kwamba maji yasiyo na pa kutokea huenda kwenye mapafu, na mtu anaweza kuzama akiwa amelala kitandani kwake. Neno hilo, kuzama, liliniingia kama msumari.

Nesi mmoja mwenye huruma ndiye aliyenifundisha njia. Igandishe hiyo chai yenu, akasema, umpe vipande vya barafu, maana kipande kinakaa mdomoni muda mrefu kuliko funda. Nikapima. Kipande kimoja kilikuwa vijiko viwili. Vipande vinane kwa siku, na maji yaliyobaki ni ya dawa na chakula. Alikuwa anakiweka shavuni kama mtoto anayeficha peremende, anafumba macho, na mpaka kiishe haongei. Kikiisha anafumbua macho na kuniuliza bado saa ngapi kwa kingine. Mimi ndiye niliyekuwa na saa. Wageni wakija aliwaambia, “Wenzangu mmeoa wake. Mimi nimeoa mita ya maji.” Wanacheka, naye anacheka, nami nacheka. Halafu naenda uani nalia.

Mama alikuja kukaa nasi mwanzoni mwa Januari. Hakuielewa nusu lita ile, na nani angeielewa? Mwanao amekauka midomo, unaambiwa usimpe maji! Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameshika kikombe kikubwa, kaka yako kinywa kiko wazi. Nilikipokonya. Maji yakamwagikia godoro na kifua chake, naye akawa anayafuta kwa vidole na kuvilamba vidole. Hilo nililiona kwa macho yangu, wifi. Nikienda kaburini nitakwenda nalo.

Mama akaniambia, “Hata mfungwa hanyimwi maji.”

Nami nikamjibu jibu ambalo sikupaswa kumpa mama wa mtu. “Ukitaka kumzika mwanao, mpe.”

Hilo ndilo alilokusimulia, na ni kweli tupu. Hatukusemeshana siku tatu. Kaka yako ndiye aliyetupatanisha, akidai akisikia wanawake wawili wamenyamaza anajua sasa anakufa kweli.

Wiki ya pili ya Februari moyo wake ukaanza kuikataa mashine. Kila wakimwunganisha, presha inaanguka, macho yanageuka, wanamtoa. Mara ya tatu daktari akaniita pembeni akasema, “Mpeleke nyumbani akapumzike.” Nilifikiri kaka yako hakusikia. Kwenye gari, njia nzima, alikuwa anahesabu mageti aliyoyatengeneza. “Lile langu. Lile lenye maua langu pia, hawakulipiga rangi vizuri.” Tulipofika nyumbani akasema, “Mageti thelathini na moja kwa barabara moja, si haba.” Hapo nikajua alisikia.

Hii inayofuata, ukimtoa daktari, hakuna aliyeijua mpaka jana.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Mama amelala chumba cha pili, Chiriku hajarudi kutoka shuleni. Nilimpelekea kipande chake kwenye kisosi. Akakisukuma.

“Leo nitengenezee chai.”

“Hii si ndiyo chai?”

“Hiyo ni barafu. Nataka chai. Kwenye glasi. Mpaka juu.”

“Baba Chiriku, unajua daktari alivyosema.”

“Daktari amesema nipumzike,” akanijibu. “Na mimi nataka kupumzika, mke wangu. Nimechoka kukuomba.”

Angenifokea, ningekataa. Angelia, pengine ningekataa. Lakini ile kusema amechoka kuniomba! Mwanamume aliyegawa jagi mbili kwa siku kwa watu asiowajua, amekuwa ombaomba wa vijiko viwili, na anayeombwa ni mimi.

Nikaenda jikoni. Nanasi lilikuwapo. Nikajikata kidole, nikakifunga kitambaa, yeye akawa ananisimamia kutoka kitandani kwa sauti ile nyembamba iliyobaki. “Umefunika sufuria?” Nimefunika. “Umehesabu?” Nahesabu. “Ndimu usitie kwanza!” Sijatia, baba, tulia. Tukaisubiri ipoe, kwa sababu alikataa kabisa kunywa ya haraka. Nusu saa nzima tumekaa tunaisubiri sufuria, ameshika mkono wangu wenye kitambaa. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kubadili nia, wifi. Usije ukafikiri nilipitiwa.

Akainywa ameketi, nimemwegemeza kifuani kwangu. Alishika glasi kwa mikono miwili. Hakunywa kwa pupa kama nilivyoogopa. Alikunywa kama mtu mzima aliyemaliza kazi, funda, kisha anatazama mlangoni, kisha funda jingine. Katikati akapumzika. Nikanyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea tu. Akanitazama. Nikaurudisha mkono.

Alipomaliza aliigeuza glasi juu ya kiganja chake kunionyesha haijabaki hata tone. Akasema, “Sukari imezidi kidogo.” Halafu akatabasamu. “Lakini imepoa vizuri.”

Akalala. Sikumwona amelala hivyo tangu aanze kuumwa. Mimi nikaiosha ile glasi, nikaifuta, nikairudisha kabatini kabla Mama hajaamka.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, pumzi yake ikawa kama msumeno. Fundi betri alituchukua kwa gari lake. Kaka yako alifia begani kwangu, tukiwa tumeshaliona geti la hospitali.

Nilimfuata daktari nikamweleza kila kitu. Nikamuuliza kama ni ile glasi. Akavua miwani, akaniambia, “Mama, moyo wake ulikuwa umefika mwisho. Kama si Ijumaa, ingekuwa Jumatatu.”

“Kwa hiyo glasi haikumuua?”

“Siwezi kukuapia kwamba haikuchangia.”

Basi, naishi na Jumatatu ile. Siku tatu. Naamka nazo, nalala nazo. Pengine siku hizo Chiriku angemsimulia jambo. Pengine wewe ungempata kwenye simu. Siku nyingine najiambia nilimpa, siku nyingine najiambia niliwanyang'anya ninyi. Watu walioniona kwenye mazishi waliniita mke mvumilivu, na wewe huko mbali ukaniita mnyimi. Wote mmekosea. Ukitaka kunilaumu, wifi, una haki, lakini nilaumu kwa nililolitenda.

Kabla ya kukuandikia niliona si haki Mama alijue kwa barua iliyoandikwa kwa mwingine. Jana baada ya chakula cha mchana nikamwomba tukae barazani. Nikamweleza yote bila kumtazama, natazama miguu yangu. Nilipomaliza nikasubiri anipige kofi. Kweli nililitaka.

Mama akaukunja upindo wa kanga yake, akaukunjua. Kisha akauliza, “Alikunywa yote?”

“Yote, Mama.”

“Hakubakisha?”

“Aliigeuza glasi juu ya kiganja. Haikudondosha tone.”

“Akasemaje?”

“Alisema sukari imezidi.”

Mama akacheka. Kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa kanga, nikamshika mabega, mifupa mitupu. Tulilia pale barazani wapita njia wanatuona, na hakuna aliyejali. Alipotulia alijifuta akaniambia, “Mtoto yule hajawahi kusifu chakula bila kutia kasoro.” Kisha akanishika kidevu kama mtoto. “Nianzie tena pale alipoomba.”

Nikamwanzia tena. Jana jioni akaniomba tena. Leo asubuhi, nikimsuka nywele, tena. Kila nikifika kwenye glasi tupu anatikisa kichwa taratibu na kusema, “Yote.”

Nisalimie shemeji, mwambie ndugu zake wa huku walikuja kutupa pole na tunawashukuru. Mbusu mpwa wetu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu, anasema simu yako anaisubiri, na safari hii anataka tuisikilize sote. Chiriku anamsalimu shangazi yake. Fundi betri na mafundi wote wa karakana wanakupa pole.

Mungu akutie nguvu za kusimama mchana na za kulala usiku. Na siku utakayopewa ruhusa, njoo, hata kama bado una hasira nami. Kitanda kipo.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata usiponijibu,

Mama Chiriku.