Sikio Lililoanzia Chini

Voi,
Jumanne, 16 Novemba 1954

Mdogo wangu mpendwa Peris,

Pokea salamu zangu nyingi, natumaini zitakukuta mzima huko Wusi, wewe na mama na wote wa nyumbani. Mama anaendeleaje na goti lake? Kama bado linamsumbua wakati wa baridi, mwambie asiteremke mtoni, maji yachotwe na mwingine. Na wewe je, kile kikohozi kimekwisha? Mimi mwili ni mzima, chakula napata, na joto la Voi ni lile lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kwa upande wa mwili sina la kulalamika.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Nthambi, yule mama anayeteremsha mboga zenu stesheni, kwa sababu siku hizi barua zinafunguliwa na watu ambao hawakuandikiwa. Ukiisha kuisoma itie motoni. Usimsomee mama, mwambie tu kwamba nimesalimu.

Najua mnaningoja. Nilishawaambia kwamba mwisho wa mwezi huu ninaacha kazi kwa Bwana Vyungu na kurudi nyumbani kufundisha shule ya misheni, na nasikia mama ameshapaka chumba changu chokaa, isipokuwa ule ukuta wa kitandani nilioomba uachwe kama ulivyo. Ninaandika kwa ajili ya hilo la kurudi, ingawa nitachelewa kulifikia. Nivumilie.

Hujawahi kumwona Bwana Vyungu, na ninamshukuru Mungu kwamba naye hajakuona. Ni mzee wa Kiingereza aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu kwao, akaja huku kwa ajili ya mapafu yake, na mji mzima unamwita hivyo kwa sababu hana habari nyingine ila vyungu vya Wayunani, wa kale zaidi hata ya wale wa Agano Jipya. Vyungu vyenyewe anavyo vitatu, na vyote vimevunjika. Vingine ni picha tu, masanduku kwa masanduku. Vimechorwa watu wanaokimbia, wanaokunywa, wanaopigana, na wengi waliovichora hawakuacha majina. Vichache vina maandishi, chungu chenyewe kinasema fulani alinifanya, lakini aliyefinyanga si lazima awe ndiye aliyechora. Basi mzee anatafuta kila mchoro ni mkono wa nani. Kazi yangu miaka yote hii imekuwa kuweka karatasi nyembamba juu ya picha hizo na kuzinakili mstari kwa mstari, ili yeye azilinganishe.

Alinifundisha jambo moja ambalo sasa natamani nisingelijua. Aliniambia nisitazame uso, wala silaha, wala chochote ambacho mchoraji anataka nikione, maana hapo anajichunga. Nitazame sikio, kifundo cha mguu, ukucha. Hapo akili yake iko kwingine na mkono unajiendea wenyewe ulivyozoea tangu utoto. Mchoraji asiye na jina mzee humpa jina lake mwenyewe: yuko Mchoraji wa Kwale, kwa ajili ya ndege anaowachora, yuko Mchoraji wa Viatu Vibovu. Niliipenda kazi hiyo, Peris. Nisikufiche, nilijiona mtu, na nilipowatambua wawili watatu kabla yake nilitembea Voi nzima kifua mbele.

Sasa nikueleze yaliyotokea, ingawa mwanzo wake unaujua kunishinda. Mwezi uliopita watu walikuta mchoro wa mkaa kwenye ukuta mweupe wa ghala la reli. Bwana DO, mtawala wetu wa Kizungu, na kofia yake na kiko chake, amekaa kwenye kigoda anamkamua ng'ombe. Ng'ombe ana uso wa mzee wa kwetu, wa Kidawida, na ndama amefungwa kando, ulimi nje. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, hata makarani. Bwana DO hakucheka, na siku hizi za Hali ya Hatari mtu huchukuliwa kwa dogo kuliko hilo. Wakamkamata Kilonzo, fundi wa kuandika mabango, kwa kosa la kuwa mtu pekee wa Voi mwenye brashi. Mchoro ni wa mkaa, jamani, brashi imeingiaje? Walisema mwezi huu ukiisha atapelekwa kambini pamoja na wale wengine, ambako mtu huingia bila kuambiwa atatoka lini. Mkewe, Mumbe, ni mjamzito. Akawa anashinda chini nje ya korokoroni na chakula ambacho hakipokelewi.

Bwana DO alikuja kwetu kunywa chai akalalamika, na mzee wangu kwa majivuno yake akamwambia kwamba mwenye mchoro atamtaja, kama anavyowataja watu waliokufa zamani za kale. Miguu yake haimruhusu kwenda mbali, basi nikatumwa mimi na karatasi yangu. Askari alisimama nyuma yangu. Nikaiweka karatasi ukutani, nikaanza na kofia, nikateremka mpaka kwenye sikio.

Peris, sikio lile lilianzia chini. Watu wote huanza sikio juu wakateremka nalo. Ni mtu mmoja tu ninayemjua ambaye huanzia kwenye ndewe, akapanda, akazunguka, akamalizia kwa ndoana ndogo ndani, kwa sababu alijifunza kuchora kwa kuwatazama mbuzi, akiwachora kwenye ukuta wa kitanda changu, mkaa mkononi na kamasi puani. Nilikuwa kando yako, na nilikucheka. Sasa ilinibidi nikufuate mstari kwa mstari huku askari akinipumulia shingoni. Kubadilisha kitu sikuweza, walikuwa wamekwisha kuupiga picha.

Nilikukasirikia sana, nataka ujue. Ulishuka na kabichi zako, ukangoja treni ya mizigo, ukaona ukuta mweupe, mkono ukakuwasha. Hukufikiria mtu mwingine hata mmoja. Kisha nikautazama tena uso wa yule ng'ombe, nikamwona baba, alivyokuwa siku lile shamba la bondeni lilipochukuliwa likapandwa mkonge. Hasira ikaniisha, nikabaki na hofu.

Mzee hakuchukua muda. Aliagiza aletewe bango la kinyozi alilolichora Kilonzo, akatazama vichwa vyake, akamwambia Bwana DO kwamba huyu siye, masikio yake yanaanzia juu kama ya watu wote. Bwana DO akajibu kwamba ni vizuri, basi aletewe huyo mwingine, na mpaka aletewe, Kilonzo atabaki ndani. Mzee akanigeukia akaniambia tutatafuta, mimi na yeye, mpaka tulipate lile sikio. Nikisema sijui, Kilonzo anakwenda kambini. Nikisema najua, unakwenda wewe. Kila nikitumwa dukani nilipita mbele ya Mumbe, naye alinisalimu kwa heshima kwa kuwa alisikia bwana wangu anamtetea mumewe. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi Jumapili ya tarehe 7, watu wakiwa kanisani, nilichora mchoro wa pili nyuma ya banda la ngozi. Bwana DO yule yule, safari hii amebebwa mgongoni na ndama. Sikio nililianzia chini kama lako na kulimalizia kwa ndoana. Nilikuwa nimejizoeza kwenye majivu ya jikoni. Jumatatu mji ukacheka upya, na Bwana DO mwenyewe akakiri kwamba mtu aliyefungiwa hawezi kuchora ukuta wa nje. Kilonzo akatoka. Mumbe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, nami nilisimama dukani najifanya nanunua chumvi, machozi yananitiririka kwa furaha.

Mzee aliomba apelekwe kwa gari akauone mchoro ule. Aliutazama sana. Akamwambia Bwana DO kwamba mkono ni ule ule wa kwanza, wa msafiri tu, na huenda ameshapanda treni ya Mombasa. Tuliporudi nyumbani akaweka mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa ya chungu cha Mchoraji wa Kwale, nyingine ameinakili yeye mwenyewe kutoka ukuta wa banda la ngozi, mguu wa ndama wangu. Nilikuwa nimempa ndama kifundo cha mguu wa mtu, vistari viwili vilivyopinda vikipeana mgongo, kama Wayunani walivyofanya. Akasema hakuna mtu Voi nzima anayechora kifundo hivyo, ila mmoja. Nililichunga sikio, nikausahau mguu.

Hakupandisha sauti. Alisema mchoro ni mzuri. Kisha akanimiminia chai, jambo ambalo hajapata kulifanya, akaniambia anaona nitapenda kubaki naye, kazi bado ni ndefu, na shule haimfai mtu mwenye mkono kama wangu. Nikamwambia ndiyo, Bwana. Ningesema nini? Hakuna mlango aliofunga. Naenda sokoni, naenda kanisani, basi la Wundanyi, la kurudi nyumbani, linapita mbele yangu na kondakta ananiita kwa jina. Lakini siku nitakayolipanda ndiyo siku mzee atakayomwita Bwana DO chai. Sitarudi mwisho wa mwezi, Peris, wala sijui nitarudi lini. Shule wamtafute mwalimu mwingine.

Hilo ningelibeba peke yangu, nisikuambie. Ninakuambia kwa sababu ya aliyoyasema jana. Alisema mchoro wa pili ni wangu, lakini wa kwanza si wangu, na sikio lile nililiiga kama mtu aliyelijua tangu utotoni. Ameshakupa jina, Mchoraji wa Ndama. Anasema katika maisha yake ameona mikono michache kama mkono huo. Anakutafuta kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonitisha. Akaniuliza, kwa upole wake ule, kama nina ndugu anayechora. Nikamwambia sina dada.

Kwa hiyo usishuke Voi. Kabichi azilete Nthambi peke yake. Usinitembelee, usinitumie salamu kwa mtu. Na ile chokaa iliyobaki, upakeni ukuta wa kitandani, leo hii, tena mara mbili, mpaka mbuzi wako wote waishe. Mama akiuliza, mwambie nimebadili nia, nataka chumba chote kiwe cheupe.

Msalimie mama na majirani wote wa Wusi, wabaki na amani ya Bwana.

Ni mimi kaka yako, ambaye huku Voi hana dada,

Hudson