Chumvi ya Arap Too

Jumatatu, 8 Machi 1954
Nimekojoa kwenye chupa tena. Kazi yangu ya uzeeni ndiyo hiyo. Barasa, dresa wa wodi, msaidizi wa daktari, anachukua mkojo kidogo, anadondosha dawa mpaka ugeuke mwekundu kama tofali. Matone machache, umekula vizuri. Matone mengi, umekula chumvi na figo zinazidi kuharibika. Mimi machache. Arap Too wa kitanda cha pili, rika langu, niliyetahiriwa naye pamoja, mengi. Miguu yake ni magogo. Barasa anamwita mwizi wa chumvi. Nimecheka. Wa ng'ombe ndiyo, wa chumvi hapana.

Jumatano, 10 Machi
Ugali bila chumvi. Kabichi bila chumvi. Mbwa wa Wazungu wa Milimani angekataa.
Barasa alipekua godoro la Arap Too. Hakupata kitu. Akamzaba kofi wodi nzima ikiona.
"Chumvi iko wapi, mzee?"
"Iko kwa mama yako."
Kofi la pili. Nilicheka, lakini ngumi nilikuwa nimeikunja ndani ya blanketi.
Daktari amesema matone yasiposhuka kufikia Jumamosi, kitanda apewe anayetaka kupona. Akirudi nyumbani na uvimbe ule atakufa. Hilo pia alilisema, mbele yake.

Alhamisi, 11 Machi
Kipkoech, mtoto wa Arap Too, anachunga ng'ombe kwa Mzungu huko Njoro. Kila jioni huja na kibuyu. Damu mbichi ya fahali wao, maziwa kidogo juu. Fahali hufungwa kamba shingoni, mshipa ukavimba, mshale ukapiga. Kwetu mgonjwa hunywa damu arudishe nguvu. Barasa alinusa kibuyu, akakunja pua, akakirudisha. Anatafuta chumvi, si damu.
Mimi sina mtoto wa kiume. Nakunywa uji. Wivu ninao.

Jumamosi, 13 Machi
Vita.
Matone yamepanda. Barasa akamshika Arap Too kwapani amtoe nje. Arap Too akanyakua bakuli la chuma la haja, limejaa, akampasua nalo kichwa. Mkojo na damu mpaka dirishani. Askari wakaja na marungu. Siku hizi za Hali ya Hatari askari anapiga kwanza, anauliza kesho. Nikaingilia, mjinga mimi, na miguu hii. Rungu likanipata mdomoni. Meno mawili yameng'oka, kati ya matano niliyobaki nayo.
Nikaanguka. Mdomo umejaa damu. Nikameza.
Tamu! Tangu niingie wodi hii sijaonja kitu kama hicho. Chumvi tupu.
Wakamburuta Arap Too kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Nilipiga kelele: ni damu, damu ina chumvi! Wakasema mzee amerukwa na akili.

Jumapili, 14 Machi
Wengine wameenda kanisani. Nimegoma kukojoa. Barasa amefungwa bendeji kichwani kama mama wa sokoni. Nikamwambia, tone langu hulipati mpaka uonje kibuyu alichoacha Arap Too chini ya kitanda chake.
Akanitukana ukoo mzima. Halafu akachovya kidole, akalamba. Akakaa chini, kwenye kitanda cha Arap Too.
"Tulimkataza chumvi," akasema. "Damu hakuna aliyemkataza."
Hata mimi sikuwaza hivyo mpaka rungu liliponipata, na nimekunywa damu tangu utoto. Alitoka mbio kumwita daktari.

Jumatatu, 15 Machi
Wamemrudisha Arap Too kutoka seli. Jicho moja limeziba, mbavu imevunjika, pingu imemfunga kitandani. Kipkoech alipoelezwa alipiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachubuka. Alikuwa anamuua baba yake kwa mkono wake, kila jioni, kwa upendo. Nilitafuta mzaha wa kumpa. Sikupata.

Ijumaa, 19 Machi
Mvua tangu asubuhi. Barasa alipima mkojo wa Arap Too, akarudia tena. Matone machache. Alimwita askari afungue pingu. Mashtaka hakupeleka.
Vifundo vya miguu ya Arap Too vimeanza kuonekana.
Kipkoech alileta maziwa matupu. Arap Too alionja, akanipitishia kibuyu.
"Hayana kitu," alisema.
Kweli, hayana. Tuliyamaliza.