Biringanya Mlangoni kwa Rabab

Jumapili, 2 Novemba
Nimechoka na Hajjati Inshirah. Nimechoka! Kituo cha afya kinanituma kwake kuzungumza na mkwewe, Rabab, mzazi ambaye hali, halali, wala hamtazami mwanawe. Namuuliza Rabab umelalaje — anayejibu ni Hajjati. Kalala vizuri. Una huzuni? Huzuni ya nini, kazaa dume. Rabab kageukia ukuta. Mimi nakunywa mughati, kinywaji cha uzazi, tamu mpaka meno yanauma, natabasamu kama mjinga.

Jumatano, 5 Novemba
Leo hata ndani sikuingia. Nilipitia sokoni, nikanunua biringanya za kupika kwangu jioni. Hajjati kachungulia mfuko, kaziba mlango kwa mwili mzima. Mzazi hajatimiza arubaini unamletea biringanya? Unataka maziwa yakauke? Mimi, mzaliwa wa Mansura, na cheti juu, nimesahau mwiko huu!

Nikasema naziacha ngazini. Haisaidii, kasema Hajjati, zimeshafika. Dawa ni moja: mzazi atoke mwenyewe azilaki, ndipo uingie. Basi atoke, nikasema kwa hasira.

Akatoka, anajikokota. Mtoto akalia ndani, Hajjati akamkimbilia. Tukabaki wawili. Rabab kashika biringanya moja, kasema taratibu: nikimwogesha, naona mikono yangu inamwachia majini. Nimemwambia mama mkwe, kasema nisali.

Moyo ulinipasuka. Nikamwambia huu ni ugonjwa, unatibika, wewe si mama mbaya. Daktari wa kituo atamwona Jumapili. Nikamwomba Hajjati amwogeshe mtoto yeye, asimwache Rabab naye peke yake. Kaniuliza, bibi yake ni wewe au mimi?

Jumapili, 9 Novemba
Hajjati alikataa. Mzazi haendi kwa daktari wa wendawazimu, watu watasema nini. Sawa. Nikaenda sokoni, nikarudi na mfuko mzima wa biringanya, nikazipanga mlangoni moja moja. Kaapa, kafoka, kamtaja marehemu baba yangu. Lakini hakuwa na la kufanya, akamwita Rabab azilaki.

Rabab katoka kavaa viatu vya nje. Teksi iko wapi, kauliza. Nilikuwa hata sijaita.

Naandika haya kwenye benchi kituoni. Hajjati kaja naye, mtoto kifuani, hajaacha kufoka. Wameshaitwa, mlango uko wazi, nawaona. Daktari anamuuliza Rabab, unalalaje, mwanangu? Hajjati kafungua kinywa. Rabab kamwekea mkono gotini, kamzuia, anajibu mwenyewe.